Usimwite Mkaidi, Muulize Kilichomkwamisha

Leo tutajifunza juu ya kazi ya ustawi wa jamii. Huenda umewahi kumwona afisa ustawi wa jamii hospitalini au katika ofisi za halmashauri. Hana sindano wala vidonge. Kazi yake ni kusikiliza, kuuliza, kuandika na kuwaunganisha watu. Wengine husema, "Huyu ana maneno tu." Sivyo. Maneno yake yana utaratibu. Utaratibu huo umejengwa na watu wengi kwa zaidi ya miaka mia moja. Wewe pia unaweza kujifunza sehemu yake na kuitumia nyumbani na kijijini.

Ili tuelewe vizuri, tutamtazama mgonjwa mmoja wa mfano. Ugonjwa wake ni kifua kikuu.

MGONJWA WETU WA MFANO

Tufikirie mzee mmoja katika kijiji cha wilaya ya Mbozi, mkoa wa Songwe. Ana shamba la kahawa, na shamba la mahindi na maharage. Zamani alikuwa akipakia mizigo mpakani Tunduma. Nyumbani anaishi na mkewe, binti yao na mjukuu wa miaka mitatu.

Mzee huyu alianza kukohoa. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Akapungua uzito. Usiku alilowa jasho. Mkewe akamhimiza, wakaenda hospitali ya Kanisa la Moravian iliyopo Mbozi Mission. Makohozi yake yakapimwa. Vijidudu vya kifua kikuu vikaonekana. Akapewa dawa bila malipo, akaelezwa kwamba atazimeza kila siku kwa miezi sita.

Baada ya mwezi mmoja kikohozi kilipungua. Alipata nguvu na hamu ya kula. Mwezi wa pili hakurudi kuchukua dawa.

Kijijini maneno yakaanza. Mmoja alisema, "Mkaidi huyo." Mwingine alisema, "Mlevi huyo, mwacheni." Wa tatu alisema, "Amerogwa, dawa za hospitali hazimfai."

Ndugu msomaji, simama hapa kidogo. Wewe ungesema nini?

Jambo hili si dogo. Mtu akiacha dawa za kifua kikuu kabla ya kumaliza, vijidudu vilivyobaki mwilini huweza kuwa sugu. Hapo dawa za kawaida huenda zisivishinde tena, na tiba ya kifua kikuu sugu ni ngumu zaidi. Tena ugonjwa husambaa kwa hewa. Mtu anapokohoa, huweza kuwaambukiza wanaolala naye chumba kimoja. Mjukuu wa miaka mitatu yumo katika hatari kubwa kuliko wote. Kwa hiyo hatuna nafasi ya kulaumu tu. Ni lazima tujue kilichomkwamisha mzee.

NADHARIA NI NINI? KIELELEZO NI NINI?

Maafisa ustawi wa jamii hutumia maneno mawili: nadharia na kielelezo. Tuyaeleze kwa mfano wa shamba.

Umeamka asubuhi, umekuta majani ya mibuni yana madoa ya rangi ya chungwa, tena yanapukutika. Huanzi kwa kuikata mibuni. Unajiuliza sababu. Je, ni kutu ya majani? Je, udongo umechoka? Je, kivuli kimezidi? Wazo linalokusaidia kueleza kwa nini jambo limetokea ndilo nadharia.

Kisha unapanga utakachofanya. Kwanza utakagua mibuni yote. Pili utamwita bwana shamba. Tatu utapogoa. Nne utanyunyiza dawa. Tano utarudi kuangalia. Mpango huo wa hatua kwa hatua ndio kielelezo.

Mtu ni zaidi ya mbuni. Ana akili, aibu, hofu na matumaini. Lakini utaratibu unafanana. Kwanza tafuta sababu. Kisha panga hatua, tena upange pamoja na mwenyewe.

WAZO LA KWANZA: MTU HATAZAMWI PEKE YAKE

Mwaka 1917 mama mmoja wa Marekani, Mary Richmond, alitoa kitabu cha kuwafundisha watu wanaosaidia wenye shida. Alisema msaidizi asimhukumu mtu haraka. Kwanza akusanye habari kwa uangalifu. Amtazame mtu pamoja na familia yake, majirani zake, kazi yake na mahali anapoishi.

Baadaye wengine waliendeleza wazo hilo. Mwaka 1980 Carel Germain na Alex Gitterman walitoa kitabu kilichoeleza kwamba mtu na mazingira yake huathiriana siku zote. Mazingira mabaya humwumiza mtu. Naye mtu akipata uwezo, hubadili mazingira yake.

Sisi tunaweza kulichora wazo hili chini kwa kijiti. Chora duara dogo, uweke mgonjwa katikati. Zungusha duara la pili: hao ni wa nyumbani kwake. Zungusha la tatu: majirani, wenzake wa kazi, waumini wenzake na chama cha ushirika. Zungusha la nne: zahanati, hospitali, serikali ya kijiji, barabara na soko.

Sasa tumrudie mzee wetu. Afisa ustawi wa jamii alimtembelea nyumbani. Ni binti wa umri wa mwanawe. Hakusimama mlangoni na karatasi mkononi. Alisalimu, akakaribishwa, akaketi kwenye benchi nje, penye hewa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Najua umekuja kunigombeza."

"Hapana baba. Nimekuja kukusikiliza. Nini kimekukwamisha?"

Mzee alinyamaza kwa muda. Binti naye alinyamaza. Kunyamaza huko ni sehemu ya kazi. Kisha mzee akaanza kusema.

Katika duara la kwanza, mwilini na moyoni mwake, palikuwa na mambo mawili. Alijiona amepona. Pia aliona mkojo wake una rangi nyekundu, akadhani dawa zinamharibu figo. Hakumwuliza mtu kwa aibu.

Katika duara la pili, nyumbani, chakula cha asubuhi hakikuwepo siku zote. Dawa alizimeza tumbo likiwa tupu, akapata kichefuchefu.

Katika duara la tatu, rafiki zake wa kilabuni walimcheka. Wakamwambia kila mwenye kifua kikuu ana UKIMWI. Akaanza kuficha dawa.

Katika duara la nne, nauli ya kwenda na kurudi hospitalini ilimshinda. Mvua za Novemba zilikuwa zimeanza. Siku moja ya kwenda kliniki ilikuwa siku moja ya kupoteza kupanda mahindi.

Umeona? Sababu zilikuwa tano au zaidi. Ukaidi haukuwemo.

WAZO LA PILI: KILA MTU ANA NGUVU FULANI

Mara nyingi tukimtembelea mwenye shida, tunahesabu anachokosa. Hana fedha. Hana nguvu. Hana elimu. Orodha hiyo humvunja moyo, nasi pia.

Katika miaka ya 1980 na 1990 walimu wa ustawi wa jamii, miongoni mwao Dennis Saleebey wa Marekani, walifundisha njia nyingine. Walisema: hesabu pia alicho nacho. Tafuta nguvu yake, akili yake, watu wake na mambo aliyowahi kuyashinda. Jenga juu ya hayo.

Binti akamwuliza mzee, "Baba, mwezi wa kwanza ulimeza dawa zote bila kukosa. Uliwezaje?"

Mzee akacheka. Akasema, "Mke wangu. Kila akichota maji ya asubuhi, alinipa kikombe na vidonge."

Hiyo ni nguvu ya kwanza. Wakaendelea kutafuta. Mzee anajua kusoma, alisomea kisomo cha watu wazima. Ni mwanachama wa ushirika wa kahawa. Anampenda sana mjukuu wake. Tena kuna zahanati kijiji cha jirani, anaweza kufika kwa baiskeli.

Ukitazama vizuri, nusu ya tiba ilikuwa tayari nyumbani kwake.

WAZO LA TATU: TATIZO KUBWA LIGAWE

Mwaka 1957 Helen Harris Perlman wa Marekani aliandika kwamba kuishi kwenyewe ni kutatua matatizo. Mtu akishindwa, msaidizi asimtatulie kila kitu. Amsaidie kulitaja tatizo kwa jina, kupima njia zilizopo na kuchagua moja. Mwaka 1972 William Reid na Laura Epstein wakaongeza jambo la manufaa. Walisema: igawe kazi iwe kazi ndogo ndogo, na kila moja iwe na mwenyewe na siku ya kuimaliza.

Sisi wakulima tunalijua jambo hili. Ekari moja hailimwi kwa jembe moja la mkono. Hulimwa tuta kwa tuta.

Mzee, mkewe na afisa wakaandika hivi kwenye daftari:

1. Kesho mzee na mkewe watarudi kliniki. Mzee hatameza vidonge vilivyobaki kwa kubahatisha. Mtaalamu ndiye atakayeamua tiba iendeleeje.

2. Afisa ataomba kliniki impe mzee barua ya uhamisho, ili dawa zake azichukue katika zahanati ya jirani.

3. Mke atakuwa msimamizi wa matibabu. Atamwona akimeza kila asubuhi, kisha mzee ataweka alama kwenye kadi.

4. Mjukuu na binti watapelekwa kupimwa wiki hiyo hiyo.

5. Usiku watabakiza uji au viazi kidogo, ili asubuhi tumbo lisiwe tupu.

6. Baada ya wiki mbili afisa atarudi waangalie pamoja.

Wiki mbili zikapita. Je, yote yalikwenda sawa? Hapana. Alama mbili hazikuwepo kwenye kadi. Mke alikuwa amesafiri kwenda msibani. Afisa hakukaripia. Aliuliza tena, "Nini kimekwamisha?" Wakakubaliana kwamba mke akiwa safarini, binti ndiye atakayesimamia. Tuta moja lilipobomoka, walilirekebisha. Hawakuacha shamba.

Kule kliniki mzee alipata majibu. Aliambiwa rangi nyekundu ya mkojo hutokana na dawa moja, nayo haina madhara. Aliambiwa pia kwamba si kila mwenye kifua kikuu ana virusi vya UKIMWI. Lakini kila mgonjwa wa kifua kikuu hushauriwa kupima, kwa sababu mwenye virusi hivyo huugua kifua kikuu kwa urahisi zaidi, na magonjwa yote mawili yana dawa. Aliambiwa aache pombe wakati wa tiba, maana pombe na dawa hizo kwa pamoja huumiza ini. Mjukuu alipimwa, akaonekana hajaugua, akapewa dawa za kinga.

NCHI YETU NAYO INA MAFUNZO YAKE

Usidhani mawazo haya yote ni ya wageni. Hapa Tanzania tumeyafanya kwa namna yetu.

Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi vya kisomo. Walisikiliza redio, wakasoma vitabu, wakazungumza, kisha wakatenda. Walichimba vyoo na kufyeka nyasi karibu na nyumba. Kifua kikuu kilikuwa moja ya magonjwa waliyojifunza. Funzo kubwa lilikuwa hili: watu wakilizungumza tatizo wenyewe na kuamua wenyewe, hutenda. Wakiamriwa tu, hungoja msimamizi aondoke. Mwaka huo huo wa 1973 sheria ilianzisha chuo cha kuwafundisha maafisa ustawi wa jamii. Leo chuo hicho kinaitwa Taasisi ya Ustawi wa Jamii, kipo Kijitonyama, Dar es Salaam.

Mwaka 1977 serikali ilianzisha mpango wa taifa wa kupambana na kifua kikuu na ukoma. Daktari Karel Styblo, mzaliwa wa Czechoslovakia, alifanya kazi na watumishi wa Tanzania katika mpango huo. Walionyesha kwamba hata nchi isiyo na fedha nyingi inaweza kuwaponya wagonjwa wengi. Yapo mambo yaliyowawezesha: kupima makohozi, dawa zisizokatika, kumwona mgonjwa akimeza, na kuandika habari za kila mgonjwa katika daftari. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilieneza utaratibu huo katika nchi nyingine.

Mwanzoni mgonjwa alitakiwa kumeza dawa mbele ya mtumishi wa afya. Kwa anayeishi mbali, hiyo ilikuwa taabu. Kuanzia mwaka 2006 Tanzania ilianza utaratibu wa kumpa mgonjwa nafasi ya kuchagua. Anaweza kumezea dawa kituoni, au nyumbani mbele ya msimamizi aliyemchagua mwenyewe. Hapo unaona wazo la ustawi wa jamii likiingia katika tiba. Dawa ni zile zile. Kilichobadilika ni kumtazama mgonjwa pamoja na watu wake.

SIRI NA HESHIMA

Ndugu msomaji, kuna jambo moja likiharibika, mengine yote huharibika. Jambo hilo ni siri.

Mgonjwa akikuambia shida yake, usiipeleke kilabuni wala kisimani. Kama unahitaji kumwambia mtu mwingine ili msaada upatikane, mwombe ruhusa kwanza. Mzee wetu aliulizwa, "Baba, ninaweza kumweleza mganga wa zahanati?" Alikubali. Aliulizwa pia, "Na mwenyekiti wa kitongoji?" Alikataa. Hakuambiwa mwenyekiti.

Lakini siri ina mpaka wake. Mtoto akipigwa, akinyimwa tiba au akitendewa uovu, usifiche. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mtu anayejua jambo hilo atoe habari katika serikali ya mtaa au kijiji. Kuna pia simu ya bure ya kumsaidia mtoto, namba 116.

WEWE UFANYE NINI?

Huhitaji kuwa afisa ili uanze. Kama jirani yako ameacha dawa, fanya hivi:

– Mtembelee kwa heshima. Usiende na lawama.
– Muulize, "Nini kimekukwamisha?" Kisha nyamaza umsikilize.
– Chora maduara manne. Tafuta sababu katika kila duara.
– Hesabu pia nguvu alizo nazo.
– Chagueni kazi moja ndogo ya wiki hii. Andikeni nani ataifanya na lini.
– Rudi siku mliyopatana. Kutorudi ni kumwacha njiani.
– Mpeleke kwa mtaalamu. Wewe si daktari. Akikohoa damu, akipumua kwa shida, au macho yake yakiwa ya njano, aende hospitali bila kuchelewa.

Na kama wewe mwenyewe unakohoa kwa wiki mbili au zaidi, usingoje. Nenda ukapimwe. Funika mdomo unapokohoa. Huku kwetu Mbozi kuna baridi kali mwezi wa Juni na Julai, nasi hupenda kufunga madirisha na kuota moto ndani. Mchana yafungue. Hewa safi na mwanga wa jua hupunguza vijidudu nyumbani.

Mzee wetu wa mfano alimaliza dawa. Makohozi yake yakapimwa tena, vijidudu havikuonekana. Siku hiyo alimwambia binti, "Mwanangu, wengi walinijia kunieleza. Wewe ulikuja kuniuliza."

MANENO YA KUKUMBUKA

Nadharia: wazo linaloeleza kwa nini jambo hutokea.
Kielelezo: mpango wa hatua za kufuata.
Msimamizi wa matibabu: mtu aliyechaguliwa na mgonjwa amwone akimeza dawa.
Kifua kikuu sugu: kifua kikuu kisichosikia dawa za kawaida.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Taja sababu nne zilizomfanya mzee aache dawa. Kila moja ilikuwa katika duara gani?
2. Nguvu za mzee zilikuwa zipi? Nyumbani kwako kuna nguvu gani?
3. Kwa nini afisa hakukaripia alipoona alama mbili hazipo?
4. Katika kijiji chenu, mtu anayeishi mbali anapata dawa wapi? Serikali ya kijiji inaweza kusaidia nini?
5. Kazi: chora maduara manne ya tatizo moja la nyumbani kwako. Chagua kazi moja ndogo, uimalize kabla ya somo lijalo.